Nusu Jagi Niliyoimwaga Mgombani

Mimi ni mzima. Nalisema hilo kwanza ili anayesoma haya akiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi ya namba mkononi, asiruke kurasa kutafuta kama nilipona. Nilipona. Aliyekufa ni mdogo wangu Kassim, na kufa kwake kumefungamana na ugonjwa wangu kwa jambo dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika: nusu jagi ya dawa ya kusafisha tumbo ambayo sikuinywa, na neno moja nililomwambia muuguzi.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkaguzi wa mizigo mpakani Horohoro. Kazi yangu ilikuwa kufungua malori na kuona kama kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichopakiwa. Ukiifanya kazi hiyo unajifunza kwamba mtu anayeficha kitu hakiweki mlangoni. Anakiweka nyuma kabisa, kwenye kona, na mbele yake anapanga magunia ya halali. Unajifunza pia kwamba wakaguzi wako wa namna mbili: anayepanda ndani ya lori, na anayegonga turubai kwa rungu akasema pita. Mimi nimekuwa wote wawili. Mwezi wa Ramadhani, jua linapokaribia kuzama, foleni ndefu na koo limekauka, niligonga turubai mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Damu niliiona mara ya kwanza mwaka niliostaafu. Haikuwa nyingi, mistari miwili mitatu tu juu ya choo. Kwetu pwani damu ya huko ina jina moja, bawasiri, na kila mtu ana dawa yake. Nilimwendea muuza dawa za miti hapa Nguvumali ninakokaa, akanipa unga wa mizizi wa kuchanganya na asali, nikaulamba masika yote. Damu ikapungua, kisha ikarudi. Mke wangu, Mama Salha, sikumwambia. Mambo ya huko nyuma mwanamume wa rika langu hayasemi, hata kwa mwenzake wa kitanda kimoja.

Baba yetu naye alikufa kwa tumbo. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa mimi na Kassim tukiwa vijana, na hakuna aliyeuliza tumbo gani. Damu ilipokataa kukoma nilikwenda zahanati, na nilipomtajia daktari habari hiyo, kwa kupitisha maneno tu, aliacha kuandika akanitazama. Akaniandikia kipimo cha kamera katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Akanieleza kwamba ni mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaopitishwa nyuma, ili waone utumbo mpana kwa ndani.

"Hakuna kipimo kingine?" nikamwuliza.

"Kipo, mzee wangu, lakini hakioni vizuri."

Siku niliyopangiwa iliangukia kumi la kwanza la Ramadhani. Foleni ilikuwa ndefu, nikaogopa kuomba siku nyingine. Nikapewa pakiti za dawa ya unga na karatasi ya maelekezo: siku ya kabla ya kipimo nisile chakula kigumu, ninywe maji na mchuzi mwepesi, kuanzia alasiri nichanganye dawa kwenye jagi la maji na kuimaliza yote, niendeshe mpaka yanayotoka yawe maji matupu. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nyumbani nikasema naenda kupigwa picha ya tumbo.

Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Nalijua hilo, na imamu wetu angenambia hivyo hivyo lau ningemwuliza. Sikumwuliza, kwa sababu angetaka kujua naumwa nini. Na mimi nimefunga tangu nina miaka saba. Nikajiona nimekaa kibarazani alasiri nainua jagi, majirani wanatoka msikitini, shikamoo mzee, na mzee ana maji mdomoni. Nikajipa fatwa yangu mwenyewe: mtu aliyefunga kutwa tumbo lake lina nini? Limekwisha kuwa tupu, hiyo dawa itamalizia tu. Nikaamua kuinywa baada ya magharibi.

Alasiri ya siku hiyo Kassim akaja kutoka Pangani. Alikuwa mnunuzi wa nazi, na mfuaji wa nazi asiye na mpinzani. Alisimama mbele ya kifuo, kile chuma cha ncha kilichochimbiwa ardhini, akachambua makumbi kama mtu anayemenya ndizi. Alileta nazi na changu wawili wakubwa ambao Mama Salha aliwatia kwenye nazi. Mkekani palikuwa na tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na mbaazi. Nilitia tende moja mdomoni nikasema imetosha.

"Umetosheka na nini?" Kassim akauliza. "Mie n'metoka Pangani na samaki huyu, nile peke yangu kama paka?"

"Tumbo halipo sawa."

"Basi mihogo ndo dawa yake. Hebu leta sahani hiyo."

Akanipakulia. Sikutaka kumweleza mbele ya mke wangu, na sikuweza kumwacha ndugu yangu ale peke yake siku ya futari. Nikala. Akaniongeza samaki, nikala tena.

Tulipokwenda uani kunawa, nikamwambia kwa sauti ya chini. Nilidhani atanicheka. Badala yake alifunga bomba, akasimama na mikono yake inachuruzika.

"Na mimi naiona," akasema.

"Damu?"

"Tangu mwaka jana. Sijamwambia mtu." Kisha akacheka kidogo. "Lakini wee ndo mkubwa. Nenda ukapimwe. Ukitoka salama, nami salama. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja. Kuna haja gani tuvuliwe nguo wawili?"

Ningepaswa kumwambia kwamba mambo hayaendi hivyo. Lakini maneno yale yalinipa faraja pia, nikayaacha yapite.

Alipoondoka nilichanganya dawa. Ladha yake ni maji ya bahari yaliyotiwa limau la uongo. Glasi ya kwanza ilishuka, ya pili ikasimama kooni juu ya mihogo, ya tatu nikaipigania. Ilipobaki nusu jagi tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Nikatoka nyuma ya nyumba nikaimwaga kwenye shina la mgomba.

Asubuhi kwenye benchi tulikuwa wengi. Muuguzi alipita na daftari, amechoka, kwa kuwa naye amefunga.

"Dawa umemaliza yote, baba?"

Nyuma yangu alikuwapo mtu tunayeswali naye. Mbele yangu alikuwapo binti wa rika la mwanangu.

"Yote," nikasema.

Ndani hakukuchukua muda. Kumbukumbu yangu ni mwanga mkali, baridi, tumbo linalojazwa hewa, na daktari akimwambia mwenzake, "Pachafu kidogo hapa," kisha, "Haya, tunatoka." Walikuwa wangali na watu wengi nje. Baadaye nikapewa karatasi: hakuna tatizo lililoonekana, huenda ni bawasiri. Ile ilikuwa sauti ya rungu juu ya turubai, na mimi niliyeigonga miaka yote ile sikuitambua. Au niliitambua nikapenda kusikia neno pita.

Nilimpigia simu Kassim kabla sijavuka barabara.

"Safi," nikamwambia. "Hakuna kitu."

"Alhamdulillahi!" Alipiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. "Basi na mie mzima."

Kipupwe kikapita. Damu haikukoma, lakini sasa ilikuwa na cheti, ilikuwa bawasiri ya hospitali. Vuli iliponyesha nilianza kuchoka kwa namna nisiyoijua. Kutoka nyumbani hadi msikitini nilipumzika mara mbili. Suruali zikanilegea. Mikono ilikuwa baridi saa za jua kali, na usingizi ukawa unanishika hata nikiwa naongea na mtu. Salha, binti yangu anayefundisha sekondari, alikuja siku moja, akanikalisha kwenye mwanga wa dirisha, akavuta chini kope la jicho langu kwa kidole.

"Baba, hapa ndani hamna damu. Inakwenda wapi?"

Aliyejibu ni mama yake, akiwa amekaa mlangoni anachambua mchele.

"Inakwenda chooni," akasema. "Mimi ndiye ninayefua nguo humu ndani. Unadhani sikuona? Nilikuwa nasubiri aniambie."

Hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua mchele wake. Kwa siku kadhaa baada ya hapo alinipa chakula, alinipa dawa za kuongeza damu, aliniuliza maji ya kuoga yawe moto kiasi gani, na zaidi ya hayo hakuwa na neno nami. Nimeona maumivu mengi baadaye, lakini unyamavu ule naukumbuka zaidi kuliko sindano.

Salha akanipeleka Dar es Salaam, hospitali nyingine kubwa. Kipimo kile kile. Kazi ya kuniandaa ilikuwa ya Sista Agnes, mama wa Kilutheri kutoka Lushoto, mwenye sauti ya upole na macho ya mwalimu wa hesabu. Hakuniuliza kama nimemaliza dawa. Alitaka kujua yanayotoka yana rangi gani.

"Ni maji," nikasema.

"Maji gani, baba? Ya chai ya rangi au ya mkojo?"

"Ya chai."

"Basi bado. Kunywa tena glasi mbili, utembee hapo varandani. Ukienda, usivute maji mpaka nije nione."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikatembea varandani na stendi ya dripu, mzee mzima naongozana na glasi. Mara ya tatu alikuja, akachungulia, akasema, "Sasa tunaelewana." Kisha akanipa kaptula ya kitambaa kijani, imeshonwa vizuri, na nyuma ina tundu lenye kifuniko. Walikuwa wamezishonesha wenyewe hapo wodini, kwa sababu, alisema, wazee wa pwani walikuwa wanapanda kitandani wakilia. Sijawahi kupewa zawadi iliyonisitiri kuliko kaptula ile.

Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko Salha. Nilifumba macho. Akaniambia niyafumbue nikitaka, skrini ile pale, utumbo ni wangu na nina haki ya kuutazama. Walinichoma dawa ya kunilegeza, lakini si ya kunilaza kabisa. Nikauona mpira ukienda, pinda hapa, nyoosha pale, Sista Agnes akinikandamiza tumbo kwa kiganja, wakanigeuza ubavu, wakanirudisha chali. Kisha ukasimama.

"Tumefika mwisho," daktari akasema. "Piga picha. Sista, tazama saa."

Ukutani palikuwa na saa kubwa ya duara. Sista akasoma saa kwa sauti, mwingine akaandika, ili kupima muda wa kurudi.

"Tumemaliza?" nikauliza, ulimi mzito.

"Hapana, baba. Kwenda ni safari tu. Kazi tunaifanya tukirudi."

Na wakarudi polepole mno. Kila palipokuwa na kunjo aliingiza pua ya kamera nyuma yake. Palipobaki uchafu kidogo alipasafisha kwa maji, akanyonya, akatazama upya. Aliwahi kupita mahali, akasita, akarudi tena, akaniomba nigeuke. Nilijua ninachokitazama. Ule ulikuwa ukaguzi wa mtu aliyepanda ndani ya lori, akahamisha gunia baada ya gunia. Nikaanza kuogopa, kwa sababu mkaguzi wa namna hiyo hukuta.

Alikuta viwili. Kimoja kilikuwa kinyama kidogo chenye kikonyo, kama pilipili mbuzi changa. Alikitia kitanzi cha waya, akakaza, kikakatika, na sikuhisi kitu. Cha pili kilikuwa nyuma ya kunjo, bapa, kimetandaa, rangi yake karibu sawa na ya utumbo wenyewe. Macho yangu hayakukiona mpaka alipokizungushia mwanga wa namna nyingine.

"Ulipimwa lini mara ya mwisho, baba?"

"Ramadhani iliyopita."

"Wakasemaje?"

"Safi."

Akakipiga picha. "Hiki hakikuota mwaka huu. Wakati ule kilikuwepo hapa hapa."

Ndipo niliposema kweli kwa mara ya kwanza, nikiwa nimelala ubavu, nimevaa kaptula yenye tundu. Nilisema kuhusu mihogo, samaki na mgomba. Sista Agnes aliacha kuandika.

"Na aliyekupima hakukwambia urudi ukasafike?" daktari akauliza.

"Hakusema."

"Basi mmekosea wawili," akasema, na akaendelea na kazi.

Kile bapa hakukitoa siku ileile. Nilirudi baada ya wiki, akakidunga maji chini yake mpaka kikanyanyuka, akakikata vipande vipande, akavituma maabara. Kusubiri majibu kulichukua wiki tatu. Watu hudhani kipimo ndicho kigumu. Kigumu ni wiki zile. Kila saa ya kula nilitazama sahani nikajiuliza nalisha nini, mimi mwenyewe au kile kinyama. Mama Salha alianza kusema nami tena katika siku hizo, si kwa maneno makubwa. Alikaa karibu na mimi mkekani akanimenyea chungwa, akaniuliza inauma wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, mahali ambapo kwa kweli hapakuwa panauma. Nilitaka tu aguse.

Majibu yalikuwa haya: kile bapa kilikuwa kimeanza kubadilika kuelekea saratani, lakini kilikuwa hakijazama kwenye ukuta wa utumbo. Kimetoka chote. "Umewahi," daktari akasema. Kisha, kabla sijapumua, akauliza, "Una ndugu wa baba na mama?"

Nilimpigia Kassim palepale. Alinijibu kwa kicheko, lakini kicheko kilikuwa kifupi, kinakatika.

"Si ulisema safi?"

"Nilikosea. Njoo upimwe."

"Ah, kaka. Mie n'na bawasiri tu. Kazi ikipungua n'takuja."

Sikungoja. Nilishuka Pangani kesho yake. Nilimkuta nyuma ya nyumba. Nazi zilikuwa zimerundikwa pale na makumbi yake, na kifuo kimesimama katikati, kimefunikwa gunia. Gunia lilikuwa na vumbi. Kassim alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mkanda wake umetobolewa matundu mapya kwa msumari, ncha imezunguka hadi mgongoni. Shemeji yangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa anasubiri mgeni wa kumwondolea mzigo.

"Tangu lini hafui nazi?" nikamwuliza.

"Tangu Mfungo Tatu, wakati wa Hija, shemeji. Nikimwambia hospitali anasema kaka'ke kashapimwa."

Kaka'ke kashapimwa. Nimeyasikia maneno hayo kila siku tangu wakati ule, na sitegemei kuacha kuyasikia.

Sista Agnes alimwandaa kama alivyoniandaa mimi, akampa kaptula ya kijani, daktari akawa yule yule. Kwa Kassim mpira haukufika mwisho. Ulisimama katikati ya njia, mbele ya kitu kilichojaa mahali pote, na saa ya ukutani haikuwa na kazi. Nilimwona daktari akitoka akivua glovu polepole. Sikuhitaji kuambiwa.

Walimpasua wakati kaskazi inaanza kuvuma. Wakamtolea choo ubavuni, kwenye mfuko. Kassim, ambaye hakuwahi kukosa safu ya mbele msikitini, akawa haendi, anaogopa mfuko usije ukatoa sauti watu wakiwa kwenye sijida. Mimi na shemeji tulijifunza kuubadilisha. Ngozi kuzunguka tundu ilichubuka, tukawa tunaipaka dawa kwa ncha ya kidole, naye anatazama dari. Kisha zikaja dawa za dripu. Dripu ya kwanza alitapika siku mbili. Baada ya ya pili nywele hazikunyonyoka, ila vidole vilikufa ganzi, akawa hawezi kufunga vifungo vya kanzu. Tulikuwa tukikaa kwenye viti vile vya plastiki, yeye na dripu yake, mimi na kashata za nazi mfukoni ambazo alikuwa hazitaki tena. Ya tatu ilipokwisha, picha ilionyesha ini lina madoa.

Kati ya dripu ya tatu na ya nne nilimwambia. Tulikuwa kwake Pangani, asubuhi, shemeji amekwenda sokoni. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo miezi kadhaa, na kila mara nilijidanganya kwamba namhurumia kwa kunyamaza. Nilimwambia kwamba ile siku dawa sikuimaliza. Kwamba muuguzi aliniuliza nikasema yote. Kwamba lile neno safi nililompa kwenye simu halikuwa na kitu ndani yake, na kwamba ningesema kweli, angepimwa miezi mingi kabla.

Kassim alitazama mlangoni. Kuku walikuwa wanaparua makumbi nje.

"Na mie ndo n'lokuongeza samaki," akasema hatimaye.

Nililia. Sikulia hivyo hata tulipomzika. Yeye hakulia. Alinyoosha mkono wenye ganzi akajaribu kunishika bega, akakosa, akaurudisha.

"N'geuze ubavu huu," akasema. "Ule umechoka."

Dripu ya nne hakuifikia. Tulimzika Pangani siku chache kabla masika hayajaanza, ardhi bado ngumu. Shemeji alinikabidhi kile kifuo, sijui kwa nini, na mimi nilikipokea bila kuuliza. Kimesimama uani kwetu, karibu na mgomba.

Sasa naandika kwa ajili yako uliye kwenye benchi. Sina elimu ya udaktari. Ninachokijua ni ukaguzi. Mkaguzi akiwa na haraka, mwulize: umefika mwisho? Umeona vizuri au pana uchafu? Nirudi? Usione haya, hatakupiga. Lakini kabla ya kumwuliza yeye, jiulize mwenyewe umempelekea lori la namna gani. Kama hukusafika, sema. Kama ulikula, sema ulikula nini. Na jibu lako usimgawie mtu. Tumbo lako ni lako, na la ndugu yako ni la kwake, hata mkiwa mmenyonya ziwa moja.

Wiki iliyopita nilitakiwa kurudi kwa ukaguzi, kuona mahali palipokatwa. Daktari wa Dar aliniambia naweza kwenda ile hospitali yangu ya kwanza. Wametumiwa watu wa kuwafundisha, wanafanya kazi namna nyingine sasa. Sikutaka. Nilikwenda. Benchi lilikuwa lile lile. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya glasi nne za kulinganishia yanayotoka, ya kwanza nyeusi kama kahawa na ya mwisho ya njano nyepesi, na chumbani, mlango ulipofunguliwa, niliona saa ya duara. Mama Salha alikuwa kando yangu. Safari hii alikuja, na karatasi ya maelekezo aliishika yeye.

Nilikuwa nimeinywa dawa yote isipokuwa glasi ya mwisho, ambayo niliitapika alfajiri.

Muuguzi akapita na daftari. Alikuwa yule yule. Hakunikumbuka.

"Dawa umemaliza yote, baba?"

Watu walikuwa wengi, na wawili ninawafahamu. Nilihisi lile neno limekaa tayari kwenye ulimi wangu, limezoea njia.

"Hapana," nikasema. "Glasi ya mwisho nimeitapika. Na yanayotoka ni ya glasi ya tatu, si ya nne."

Hakukunja uso. Aliandika kitu, akaenda, akarudi na jagi dogo.

"Kunywa hii polepole, baba. Nakuweka mwisho wa orodha. Utasubiri, lakini utaonekana leo leo."

Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Nilikunywa, nikaenda chooni, nikarudi, nikakaa. Adhuhuri ikaadhiniwa. Waliokuwa mbele yangu wakaitwa mmoja mmoja. Miguu ikafa ganzi, nikasimama, nikakaa tena. Alasiri ilipokaribia tulikuwa tumebaki sisi tu kwenye benchi, na Mama Salha, ambaye nilishamsimulia kila kitu, alikuwa anaitazama glasi tupu mkononi mwangu.

"Kwa hiyo siku ile," akasema taratibu, "ungesema kweli, wangekwambia ukae tu?"

"Ndiyo," nikasema. "Nikae tu."